Weusi wa Ukutani: Kisa cha Kisafisha Hewa Kisicho na Chujio

Dada aliponipigia simu hakuuliza habari za hewa. Aliuliza ni rangi gani ya ukuta inayofunika masizi. Chumba anacholala baba mkwe wake kilikuwa kimeota doa jeusi ukutani, juu ya kabati dogo la kando ya kitanda, na ndani ya nyumba ile hakuna anayevuta sigara wala hakuna kinachowashwa chumbani. Nikamwuliza juu ya kabati kuna nini. Akanyamaza kidogo. "Hakuna kitu. Ile mashine ya hewa tu."

Kazi yangu ni mifumo ya kupitisha hewa kwenye majengo. Hilo neno "tu" ndilo lililonitoa nyumbani.

Mzee ana pumu ya miaka mingi. Miezi minne kabla ya simu ile, shemeji alimnunulia kisafisha hewa cha ioni, yaani kinachomwaga hewani chembe zenye chaji ya umeme, kwa sababu mbili ambazo sioni kosa ndani yake: hakina feni, kwa hiyo hakimkoseshi mtu usingizi, na hakina chujio la kubadilisha. Kikawekwa juu ya kabati, shubiri moja kutoka ukutani, kikawa kinawaka usiku na mchana. Nilipofika nilikuta nyumba imegawanyika. Dada anasema mashine imeharibika, inatema masizi. Shemeji anasema inafanya kazi barabara na ushahidi uko ukutani; uchafu wote ule ungekuwa mapafuni mwa baba yake. Mzee mwenyewe, nilipomwamkia na kumwuliza anaionaje, alijibu kwamba haina kelele, akageukia redio yake.

Shemeji akanibana: "Wewe ndiye fundi. Kama haifanyi kazi, weusi huu umetoka wapi?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yeye alivyodhani, na sikutaka kulijibu kwa kubahatisha.

Nilianza na doa lenyewe. Halikuwa na umbo la masizi. Masizi hupanda na joto, huacha ulimi mrefu unaoelekea darini. Hili lilikuwa limetanuka huku na huku kama mabawa, zito zaidi mkabala na matundu ya mashine, likififia kadiri lilivyokwenda mbali. Nikapitisha kidole: unga mkavu, laini, wa kijivu, usio na mafuta. Nikabandika kipande cha selotepu, nikakibandua na kukitazama kwa lenzi chini ya taa. Nyuzi za nguo na shuka, magamba madogo ya ngozi, unga usio na umbo. Vumbi la kawaida la chumba cha kulala, ila limekusanywa mahali pamoja.

Dada akaangua picha iliyotundikwa karibu na hapo, nyuma yake ukatokea mraba mweupe, na ndipo tulipotambua kwamba ukuta mzima wa upande ule ulikuwa umegeuka kijivu bila mtu kugundua. Lakini kilichomaliza ubishi wa masizi ni soketi. Skrubu zake mbili za chuma zilikuwa zimezungukwa kila moja na duara jeusi, kama jicho lililotiwa wanja, ilhali plastiki iliyo kati yake ilikuwa na vumbi hafifu tu. Masizi hayana mazoea ya kupenda chuma na kuikwepa plastiki. Chenye kuchagua hivyo ni umeme.

Nikachomoa mashine, nikaiacha itulie kwanza, kisha nikafungua kifuniko. Ndani hamkuwa na mengi: bodi ndogo inayopandisha umeme wa nyumbani hadi volti elfu kadhaa za upande hasi, na sindano mbili zinazochungulia nje kupitia matundu. Basi. Hakuna bamba, hakuna feni, hakuna chujio. Kwa lenzi niliona ncha za sindano zimeota manyoya meupe, laini kama ukungu wa mkate. Hayo hutokea kwenye karibu kila sindano ya aina hii ikikaa bila kusafishwa, na kadiri yanavyokua ndivyo ioni zinavyopungua.

Kwa nini sindano? Kwa sababu umeme hujazana kwenye ncha. Volti elfu tano zikiwa juu ya mpira wa chuma hazifanyi lolote la ajabu. Zikibanwa kwenye ncha nyembamba, nguvu ya umeme karibu na ncha ile huwa kubwa kiasi cha kuivunja hewa yenyewe. Wataalamu huita hali hiyo korona, yaani taji, jina lililokuwepo muda mrefu kabla ya kirusi kinachoitwa hivyo. Ukizima taa zote na kuyapa macho muda wa kuzoea giza, mara nyingine utaona nukta hafifu ya zambarau kwenye ncha. Elektroni zinazotoka pale hunaswa na molekuli za oksijeni, nazo zikisha kubeba chaji hasi huzungukwa na molekuli chache za maji. Hiyo ndiyo ioni inayosifiwa kwenye maboksi. Zikikimbia kutoka kwenye ncha husukuma na hewa isiyo na chaji, na hapo hupatikana upepo kidogo hata pasipo feni. Mashine iliporudishwa kwenye umeme nililowesha mgongo wa mkono nikausogeza karibu na matundu: baridi ndogo, kama mtu anakupulizia kwa midomo iliyokaribia kufumba.

Ioni hazidumu. Ndani ya sekunde au dakika chache itakutana na ukuta, au ioni ya chaji chanya, au chembe ya vumbi. Ikigonga chembe inanata pale, na chembe hurithi chaji yake. Umuhimu wa jambo hili unaonekana ukijua vumbi dogo huishi vipi hewani bila kusaidiwa. Katika hewa tulivu, chembe yenye upana wa mikromita 10 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kama chavua ndogo, hushuka kutoka darini hadi sakafuni kwa takriban robo saa. Ya mikromita 1 huhitaji kama saa 20. Ya mikromita 0.3, ukubwa unaopatikana kwa wingi kwenye moshi, inaweza kuelea karibu wiki nzima, na hewa ya chumba chenye watu haitulii hata saa moja. Kwa hiyo chembe zinazofika ndani kabisa ya pafu ndizo hizohizo zisizojali mvutano wa dunia. Ioni huzipa sababu nyingine ya kusogea. Chembe zenye chaji hasi zikijaa chumbani hufukuzana, na kwa kuwa zote zinakimbiana, zinaishia pembeni: ukutani, darini, kwenye pazia, usoni mwa aliyelala. Zikifika karibu na ukuta huvuta chaji kinyume kwenye uso wa ukuta, kisha hunata, kama puto lililosuguliwa kwenye nywele linavyong'ang'ania ukuta.

Kijitabu cha mashine kilieleza vingine, kwamba chembe huungana, huwa nzito, huanguka. Kwa mashine ya chaji ya aina moja maelezo hayo hayaniingii akilini. Vitu vyenye chaji sawa vinawezaje kukimbiliana? Kuungana kupo, lakini si ndiko kulikoandika yale mabawa mawili.

Nilipofika hapo dada akanikata kauli. "Kwa hiyo ukuta wangu ndio chujio?"

Ndio. Na pazia, na kitanda, na mzee.

Shemeji hakufurahi, lakini hakuwa amekosea. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Kile alichokiita usafi ndicho tulichokosa kukiweka sawa. Hewani vumbi lilipungua kweli. Nyumbani halikupungua hata punje. Lilihamishwa tu kutoka lilipokuwa halionekani hadi linapoonekana, na likifika pale mashine haina habari nalo tena. Mtu akikung'uta shuka, mlango ukibamizwa, sehemu yake inarudi hewani. Anayelitoa nyumbani ni mwenye kitambaa chenye maji, na kwa miezi minne hakuna aliyepitisha kitambaa kwenye ukuta ule, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa.

Viwandani fizikia hiihii hutumika kwa heshima zaidi. Mkemia Frederick Cottrell wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley alipata hataza yake mwaka 1908 kwa kunasa ukungu wa asidi ya salfuri kwa umeme, na mpaka leo moshi wa mabomba makubwa ya mitambo ya makaa ya mawe na saruji husafishwa kwa njia iliyotokana na yake: waya zinachaji majivu, mabamba yanayavuta, nyundo zinayagonga mabamba, majivu yanaporomoka kwenye pipa lililo chini. Zipo pia mashine za nyumbani zenye mabamba yanayochomolewa na kuoshwa. Ya mzee ilikuwa na nusu ya kwanza tu ya wazo hilo. Kuchaji ilichaji, pa kukusanyia hapakuwekwa.

Likabaki suala la kasi, na doa haliwezi kulijibu. Doa hukuambia kwamba kitu kilifika ukutani. Halisemi kilichukua saa moja au mwezi. Chumba kile kina mita 3 kwa 4, dari mita 2.5, kwa hiyo mita 30 za ujazo. Vumbi jipya linaingia kila mlango ukifunguliwa na kila mtu akijigeuza kitandani. Kisafisha hewa chochote kiko mbioni dhidi ya vumbi linaloingia, na kinachoamua mshindi ni hewa safi kiasi gani kinatoa kwa saa. Katika chumba kidogo kilichofungwa, mashine ya sindano inaweza kupunguza chembe ndogo kiasi cha kupimika. Ila inakwenda polepole, na pakiwa na upepo au mlango wazi, mbio zinaishia hapo.

Shemeji alitaka kuona kwa macho. Usiku tukazima taa, tukakung'uta blanketi, nikawasha tochi ya mwanga mwembamba kukatisha chumba. Vumbi likameta kama mchele uliomwagwa. Mashine ikiwa imezimwa tuliangalia dakika kumi, mwanga ukapungua kumeta. Tukarudia mashine ikiwa imewashwa, ukapungua tena, pengine haraka kidogo, pengine ni matumaini ya shemeji. Nikamweleza kwamba jaribio hilo lina udanganyifu ndani yake: jicho linaona vumbi nene, ambalo lingeshuka lenyewe bila hisani ya mtu. Lile la kumwumiza mzee halimeti kwenye tochi ya namna ile.

Karatasi zilisema ukweli zaidi. Nilibandika karatasi nyeupe mbili, moja nyuma ya mashine na nyingine ukuta wa mkabala, zikakaa wiki mbili. Ya mbali ilibaki nyeupe kwa macho yangu. Ya nyuma ya mashine ilikuwa imeanza kuota mabawa yaleyale, na nilipopitisha kidole kikaacha mstari. Kazi kubwa ya mashine ilikuwa ikifanyika jirani yake, si kwenye kona ya mbali.

Mabishano haya ya kasi yaliwahi kufika mahakamani. Marekani, kampuni ya Sharper Image ilikuwa ikiuza mashine ya umeme isiyo na feni iitwayo Ionic Breeze, ambayo tofauti na ya mzee ilikuwa na mabamba ya kunasia vumbi. Jarida la Consumer Reports likaipa alama mbovu kwa sababu ilisafisha hewa polepole mno. Kampuni ikashtaki mwaka 2003, ikidai kipimo kilichotumika hakikuitendea haki mashine ya aina ile. Mwaka 2004 hakimu akaitupilia mbali kesi, na kampuni ikaishia kulipa dola 525,000 za gharama za utetezi. Nilimsimulia shemeji kisa hicho kwa makusudi: ile ilikuwa na mabamba.

Mpaka hapo tulikuwa tunazungumzia vumbi. Jambo lililonisumbua zaidi nililikuta mlangoni siku ya kwanza, kabla sijaliona doa. Chumba kilikuwa na harufu kali na nyembamba, ile ya baada ya radi au ya chumba chenye mashine ya fotokopi inayofanya kazi mfululizo. Waliokuwa ndani hawakuisikia. Pua huizoea haraka, inayoinusa ni ya mgeni tu.

Ile ni ozoni, na hata jina lake, alilolipa mkemia Christian Friedrich Schönbein mwaka 1840, limetokana na neno la Kigiriki la kutoa harufu. Korona inayozaa ioni hupasua pia molekuli za oksijeni, na atomu iliyobaki peke yake hujipachika kwenye oksijeni nyingine, zikawa tatu pamoja. Ozoni hukereketa koo na mirija ya hewa, na mwenye pumu huanza kuumia kabla ya wengine. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa mikrogramu 100 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa saa 8, takriban sehemu 50 kwa bilioni. Jimbo la California haliruhusu kuuzwa kisafisha hewa kinachotoa zaidi ya sehemu 50 kwa bilioni. Zipo mashine za ioni zinazotoa kidogo sana, na zipo zisizofaa kulala nazo. Sikuwa na kipimo cha ozoni, na pua si kipimo. Lakini chumba kidogo, dirisha limefungwa, mashine haizimwi, na harufu inakupokea mlangoni: sikuhitaji tarakimu ili kuichomoa.

Shemeji akauliza kama hiyo ozoni si ndiyo inayoua vijidudu. Huua, ikiwa nyingi. EPA, shirika la mazingira la Marekani, limeandika wazi kwamba ozoni iliyo chini ya viwango vya afya haina uwezo wa maana wa kuondoa uchafu hewani. Kiasi cha kumtosha kijidudu kinamtosha na mzee.

Kisha dada akataja kitu kwa bahati. Nilikuwa nimedhani kikohozi cha mzee kinazidi usiku, saa ambazo mashine iko naye jirani. Hapana, alisema, kinamshika asubuhi, yeye dada akishamaliza kudeki. Nikauliza anadeki kwa kitu gani. Akaniletea chupa: sabuni ya maji yenye harufu ya limau. Anadeki mlango ukiwa umefungwa, mzee asipigwe na upepo, mashine ikiwaka.

Harufu ile hutokana na limonini, kemikali inayopenda sana kukutana na ozoni. Zikikutana hewani huzaa formaldehaidi, gesi inayokereketa macho na koo, na chembe mpya, ndogo kupita hizo zote tulizokuwa tukizihesabu. Yaani kila asubuhi chumba kile kilikuwa kinatengeneza vumbi lake chenyewe, kwa ushirikiano wa mashine ya kusafisha hewa na sabuni ya kusafisha sakafu. Nikiri kwamba nilikaa kitako nikacheka, na dada hakupenda.

Hapa nilifanya kosa la kiuchunguzi. Tulizima mashine, tukabadili sabuni ikawa isiyo na harufu, tukaanza kufungua dirisha wakati wa kudeki, yote siku moja. Kikohozi cha asubuhi kilipungua ndani ya wiki ile, na daktari wake akaambiwa kila tulichobadilisha. Lakini kipi kati ya vitatu kilisaidia, siwezi kuapa. Mchunguzi mwenye subira angebadilisha kimoja kimoja. Mimi nilikuwa na mzee anayekohoa mbele yangu.

Shemeji aliuliza kama tungeweza kuiokoa mashine kwa kuisogeza mbali na ukuta na kupiga sindano mswaki laini. Mswaki ungerudisha ioni, hilo kweli. Usingeipa pa kuweka vumbi, na harufu ingebaki. Mashine za chaji mbili, hasi na chanya pamoja, nazo zinanadiwa sana; watafiti wa vyuo vitatu vya Marekani walioipima moja ya kwenye mifumo ya majengo, wakachapisha matokeo mwaka 2021, waliona chembe hazikupungua kwa kiasi cha kutajika, na baadhi ya kemikali za hewani zilishuka huku nyingine zikipanda. Kwa hiyo sikumshauri kuhamia huko.

Akanunua ya feni na chujio, nzito, isiyo na ioni. Kwa mita 30 za ujazo tulitafuta inayotoa angalau mita 150 za hewa safi kwa saa, ili hewa ya chumba ipite humo mara tano kila saa. Baada ya mwezi nilifungua kifuniko mbele ya shemeji, nikamwonyesha chujio: kijivu kilekile, nyuzi zilezile, ila safari hii limeshikika mkononi na linatupika. Ukuta dada aliuosha kwa maji ya sabuni na kitambaa, akianzia chini kwenda juu ili michirizi isikauke, na hakuhitaji rangi. Picha ikarudi mahali pake, ingawa ukitazama kwa pembeni mraba wake bado unauzidi ukuta kwa weupe.

Aliyebaki na malalamiko ni mzee. Nilipoaga aliniita, akaelekeza kidole kwenye mashine mpya inayovuma pale kona.

"Ile ya kwanza, mwanangu, ilikuwa na adabu."